Mashine Iliyopona kwa Fundi Tu

"Nirudie tena?" mfamasia aliuliza.

"Rudia," alisema Inspekta Kobe. "Mimi sina haraka."

Huko kutokuwa na haraka ndiko kulikompa jina. Vijana wa kituoni walimbandika la Kobe alipohamia pale, kwa kejeli, kwa kuwa mama huyu alitembea polepole, alikula polepole, na jalada alilisoma kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Walipoona ni wangapi wanaingia gerezani kwa mkono wake, kejeli ikaisha, jina likabaki. Mwenyewe hakulikataa. Ukimwona kobe kainama, anatunga sheria.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ya bati, viti vitatu na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili aliye ndani asione nje. Mfamasia alikaa upande wa ukutani, mikono juu ya meza, chai mbele yake imeshafanya utando. Wiki iliyopita alikuwa mkuu wa chumba cha dawa cha hospitali ya wilaya. Leo alikuwa mtuhumiwa wa mauaji, na kesho asubuhi angesomewa shtaka mbele ya hakimu. Kosa lenyewe halina dhamana. Angetoka mahakamani moja kwa moja hadi rumande, na bintiye, ambaye tayari alikuwa analelewa upande wa baba, asingemwona tena hadi Mungu apende.

"Daktari aliandika insulini uniti kumi," mfamasia alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka lakini haikuyumba. "Mimi nikaingiza kumi kwenye kompyuta. Nikaisoma kwenye skrini, ni kumi. Nikahifadhi. Lebo haitokei kwangu, inatokea wodini. Nesi akaikuta imeandikwa hamsini, akachoma hamsini. Mzee akalala, hakuamka."

"Mzee ambaye ni baba wa mtalaka wako."

"Ndiye."

"Na mwezi uliopita ulisimama getini kwake, majirani wanasikia, ukamwambia utamzika."

"Nilisema. Alikuwa amenizuia kumwona mwanangu siku ya kufunga shule. Wewe ni mama? Ungesema nini?"

Kobe alilivuta jalada karibu. Kuhoji ni kuuliza, si kujibu. Alilifungua na kulisoma kidogo, ingawa alilijua kwa moyo. "Neno la siri la kuingilia unalo wewe peke yako. Ndani ya kompyuta imekutwa hamsini, imehifadhiwa kwa jina lako. Hakuna mwingine aliyeingia. Unasema mashine ndiyo iliyoandika?"

"Nasema mashine ni mgonjwa. Nimesema tangu zamani. Siku nyingine inaganda tu. Siku nyingine skrini inageuka buluu, kazi yote inapotea. Siku nyingine inafanya kazi vizuri kabisa, halafu wodini wananipigia simu wananicheka kwamba nimekosea umri wa mgonjwa. Mimi sikosei umri, afande. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana."

"Ilianza lini?"

"Tangu walipoiongezea nguvu. Ilikuwa nzito, tukalalamika, wakaiongeza. Ikawa nyepesi, lakini hapo ndipo vituko vilipoanza."

"Mkaipeleka kwa fundi."

"Mara mbili. Ikienda kwa fundi inapona. Ikirudi kwetu inaumwa."

"Kama mtoto anayeumwa siku za shule tu," alisema sajini, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akatamani kucheka. Kobe alimtazama, hamu ikamwisha.

"Basi sikiliza, dada," Kobe alisema. "Fundi ameipima kwa amri yangu, sajini huyu akiwa amekaa naye bega kwa bega, ili asiguse kisichotakiwa. Ameipima usiku na mchana kwa programu ya kupima memori, yaani kumbukumbu yake. Haina kosa hata moja. Tumechukua nakala ya kila kilichomo, na kwa kuwa hospitali wanalia kwamba wanaandika dawa kwa mkono na foleni imefika barabarani, leo asubuhi nimetia saini irudishwe."

Mfamasia aliinuka kwa nguvu hivi kwamba kiti kilianguka nyuma yake.

"Mmeirudisha? Inatumika?"

"Kaa chini."

"Afande, msiitumie! Wapigie simu. Wapigie sasa hivi! Waambie waandike kwa mkono hata kama foleni itafika sokoni. Nakuomba."

"Kaa chini," Kobe alirudia, na sajini akasogea. Mfamasia alikaa, akafunika uso kwa viganja, akilia. Kobe alikuwa ameona watu wengi wakilia upande ule wa meza, na wengi wao walilia vizuri sana. Aliandika kwenye jalada kwamba mtuhumiwa alionyesha mshtuko mkubwa alipoambiwa mashine ni nzima. Kisha akatoka, bila kumpigia mtu yeyote simu.

*

Palibaki mtu mmoja ambaye Kobe hakuwa amemhoji kwa kina: nesi aliyemchoma mzee ile sindano. Alikuwa amesimamishwa kazi. Walimkuta nyuma ya nyumba aliyopanga, anafua mashuka ambayo, kwa macho ya Kobe, yalikuwa safi tangu zamani. Aliyakamua kama mtu anayemnyonga adui.

"Hamsini si nyingi kwako?" Kobe aliuliza, akivuta kigoda bila kukaribishwa.

"Kuna wanaochomwa sitini, mama. Kila mtu na sukari yake. Mzee alilazwa jioni ile ile, simjui. Lebo ikitoka, kwetu ni amri."

"Umewahi kuona lebo iliyokosewa?"

Nesi aliacha kukamua. "Tulikuwa tunacheka nazo," alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba sasa kicheko kile kinamuuma. "Kuna bibi mmoja ana miaka sitini na tano. Lebo yake ikatoka ishirini na tano. Tukamwita mwali hadi siku aliyotoka, na mwenyewe akafurahi, akaanza kudai poda. Mwingine alikuwa kitanda cha tatu, ikaandikwa cha saba. Wodi yetu ina vitanda sita. Tukasema huyo analala uani."

"Nyingine?"

"Zilikuwepo. Tulikuwa tunasahihisha kwa kalamu, maisha yanaendelea. Vitu vidogo vidogo."

"Kumbuka kimoja ambacho hakikuwa cha kuchekesha."

Nesi alifikiri, mikono yake ikidondosha povu. "Si kwamba hakikuchekesha, kilikuwa cha ajabu. Tarehe. Ilitakiwa iwe na nane, tarehe nane. Pale pa nane pakatokea kialama, kama mdomo wa ndege uliofunguka. Nikampigia mfamasia, nikamwambia dada, umeanza kutuandikia kwa lugha ya kunguru. Hakucheka. Alikasirika, akasema ile mashine itakuja kuua mtu."

"Alisema hivyo lini?"

"Kabla. Siku nyingi kabla."

Kobe alichovya kidole kwenye maji ya sabuni. Juu ya saruji aliandika sitini na tano, na pembeni yake ishirini na tano. Chini akaandika tatu, na pembeni saba. Chini tena, kumi na hamsini. Alikaa akizitazama, na sajini, aliyemzoea, akajua kwamba hapo hapaongeleki.

"Sajini," alisema hatimaye. "Sita hadi mbili, tofauti ni ngapi?"

"Nne, afande."

"Tatu hadi saba?"

"Nne."

"Moja ya kwenye kumi, na tano ya kwenye hamsini?"

Sajini alihesabu kwa vidole, japo hakukuwa na haja. "Nne."

"Mtu akikosea, hukosea hovyo. Kidole kinateleza kwenye kitufe cha jirani, au anageuza kumi na mbili inakuwa ishirini na moja. Na mtu akitaka kuua, ana haja gani na kitanda cha saba? Ana haja gani na mdomo wa ndege? Huyu anayekosea hapa hukosea kwa namna moja tu, kila siku, kwa bibi na kwa mzee, kwenye dawa na kwenye tarehe. Hana chuki na mtu. Hamjui mtu."

"Mashine," sajini alisema kwa sauti ndogo.

"Mashine ambayo wewe umekaa nayo usiku na mchana, na hukuiona ikikosea hata mara moja. Twende kwa fundi. Kabla sijawaambia hospitali warudi kuandika kwa mkono, nataka nione kilichokuzuia kuona."

Jua lilikuwa limeshaanza kukausha saruji, na zile tarakimu zilifutika kabla hawajafika kwenye gari.

*

Fundi aliitwa Msasa, na jina lilimfaa. Karakana yake haikuwa na vumbi hata la dawa. Bisibisi zilipangwa kwa urefu, nyaya zilikunjwa na kufungwa, na yeye mwenyewe alivaa aproni nyeupe kuliko makoti ya madaktari wa hospitali. Mji mzima ulimpelekea mashine zake. Polisi walikuwa wanajua fika kwamba ndiye anayehudumia hospitali, lakini mwingine wa kiwango chake hakuwepo, na ndiyo maana Kobe alimwekea sajini begani.

"Afande, karibu. Mashine inakwenda vizuri? Nimeipeleka mwenyewe, mikononi, kama yai."

"Wanaitumia. Nimekuja nikuone ukifanya kazi. Chukua kompyuta yoyote hapo. Jifanye ndiyo ile. Anzia mlangoni, nifanyie kila ulichofanya, usiruke kitu hata kama unakiona cha kipuuzi."

Msasa alipenda kuonwa akifanya kazi. Alichukua mashine moja rafuni, akailaza juu ya kitambaa, akafungua ubavu. Kwa ncha ya bisibisi alikibandua kibetri cha mviringo, kidogo kama kifungo cha koti, akakiweka kwenye kisosi.

"Hicho cha nini?"

"Hapa kwangu mashine huogeshwa kwanza. Mgonjwa hapandi kitandani na matope. Unatoa kibetri, unasubiri kidogo, mashine inasahau uchafu wote ambao watu wameichezea, inarudi ilivyozaliwa. Kisha vibao vya memori navitoa, nasugua miguu yake kwa kifutio, hivi, vinang'aa. Narudisha. Hapo ndipo naanza kupima."

Kobe alimgeukia sajini. "Alifanya hivi?"

"Hivi hivi, afande. Nilidhani ni usafi."

"Ni usafi!" alisema Msasa, ameumia kidogo.

"Umesema inasahau," Kobe alisema. "Inasahau nini?"

"Mipangilio. Saa, tarehe, feni izunguke vipi, kasi ya memori..."

"Hapo. Kasi ya memori ndiyo nini?"

Msasa alivuta droo, akatoa boksi dogo, akamwonyesha namba kubwa iliyochapwa juu yake. "Hii. Ndiyo kasi unayouziwa. Lakini wengi hawajui kwamba ukiichomeka hivi hivi, mashine haiendi kasi hii. Inaenda ya chini, ya usalama. Ukitaka ya kwenye boksi, lazima uingie kwenye mipangilio ya ndani uiruhusu mwenyewe. Mtu ananunua gari la gia tano, analiendesha gia tatu mpaka linakufa. Wizi mtupu."

"Na wewe si mwizi."

"Mimi? Mteja namrudishia alicholipia. Siwezi kumpa mtu mashine iliyofungwa miguu."

"Kwa hiyo kasi ya boksi unaiweka lini?"

"Mwisho kabisa. Nimeogesha, nimepima, nimeridhika, nimefunga. Naiwasha mara moja, naweka kasi yake, naona imewaka vizuri, nazima, napeleka."

Nje kulikuwa na mtu anayegonga mabati, naye aliendelea kugonga.

"Fundi," Kobe alisema taratibu, "ulipima kwa kasi gani?"

Msasa aliliweka boksi chini. Akatazama kibetri kwenye kisosi.

"Ya chini," alisema.

"Na kule hospitali inafanya kazi kwa kasi gani?"

"Ya boksi."

"Kwa kasi hiyo, wewe umeipima mara ngapi? Si juzi tu. Tangu walipoanza kukuletea."

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyokuwa karibu. Aproni yake nyeupe iligusa sakafu, na hakuiinua. "Sijawahi," alisema.

"Mimi hupelekewa maiti," Kobe alisema. "Mtu akiiosha kabla ya daktari kuikagua, huwa namkamata. Wewe umeosha mara tatu, na mara ya tatu askari wangu amekushikia taa."

"Lakini boksi limeandikwa, afande! Siyo namba yangu hiyo, ni ya kiwandani."

"Mle ndani kuna vibao vingapi?"

"Vinne. Viwili vilikuwemo. Walipotaka iongezwe nguvu, nikaweka viwili vingine, aina ile ile, kasi ile ile, nimelinganisha mwenyewe."

"Boksi linaahidi vinne?"

Msasa alilichukua boksi na kuligeuza, ingawa alijua kilichoandikwa. "Linaahidi viwili. Jozi moja, wamevipima pamoja huko vinakotoka. Ukiweka jozi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ubao mkuu wa mashine unabeba mzigo mara mbili kwa mwendo ule ule. Kuna mashine zinazomudu." Alifuta jasho kwa kiganja, na kiganja kikaacha mstari mweusi usoni. "Kuna zisizomudu. Na isipomudu si lazima izime, afande. Inaweza kwenda tu. Waya mmoja dhaifu, mahali pamoja, ukichelewa kidogo, moja inasomwa tano. Mashine haijui kama imekosea. Inahifadhi ilichosoma."

"Tofauti ni nne kila mara?"

"Ikiwa ni waya ule ule mmoja, ndiyo. Nne juu au nne chini. Na nane inaweza ikatoka nje ya tarakimu kabisa, ikawa alama tu." Aliinua macho. "Ulijuaje?"

Kobe alikuwa ameshatoa simu. "Leo asubuhi uliiweka kasi ya boksi?"

"Niliiweka. Mimi nilikuambia ni nzima, wewe ukatia saini..."

Simu ya chumba cha dawa iliita hadi ikakata. Kobe akapiga tena, ikaita hadi ikakata. Saa ile ilikuwa saa ya foleni, na foleni ya leo ilikuwa ya wiki nzima. Akapiga ya mapokezi, akaambiwa asubiri, akasubirishwa.

Ndipo sajini alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aanze kazi na mama huyu. Inspekta Kobe alikuwa anakimbia.

*

"Afande, asante sana kwa kuturudishia mashine!" alisema msaidizi wa mfamasia kupitia dirisha la dawa. "Leo tumemaliza kazi ya..."

"Ondoa mikono. Usiizime. Chomoa waya wa mtandao, huo wa nyuma. Huo. Lebo za insulini za leo zimekwenda wapi?"

"Wodini. Zote. Tangu asubuhi."

Walizigawana wao watatu, Kobe, sajini na msaidizi, wakakimbia kitanda kwa kitanda, wakilinganisha lebo na mwandiko wa daktari. Nyingi zilikuwa sawa. Mzee mmoja alikuwa amepungukiwa na umri. Mgonjwa mwingine alikuwa amehamishwa kitanda bila kunyanyuka. Kobe alianza kupumua.

Kitanda cha mwisho kilikuwa cha fundi cherehani, mwanamke aliyelazwa kwa kidonda cha mguu kisichopona. Alikuwa amelala ubavu, shuka hadi begani. Sahani yake ya mchana ilikuwa bado imefunikwa.

"Tumemwacha apumzike," alisema nesi wa zamu. "Amechomwa dawa kabla ya chakula, dozi imepandishwa leo, akasema anasikia usingizi. Kesho anarudi nyumbani."

Kobe alisoma karatasi ya daktari. Kumi na nne. Alisoma lebo. Hamsini na nne.

"Mwamshe," alisema.

Nesi alimtikisa kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu, kisha akapiga kelele ya kumwita daktari. Walikuja na sindano za glukosi, wakamchoma moja, wakamchoma nyingine, wakamsugua, wakamwita kwa jina la wanawe. Kobe alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta, akabaki hapo. Hapakuwa na kitu cha kuhoji.

Kazi haikusimama kwa sababu ya hilo. Msasa aliletwa. Kobe alimwamuru asitoe kibetri, asisugue kitu, asifungue hata skrubu moja. Fundi alichomeka programu yake ya kupima na kuiwasha mashine ilivyo, kwa kasi iliyokuwa inatumika. Sajini alirekodi kwa simu. Haikuchukua muda. Mstari mwekundu ulitokea kwenye skrini, ukafuatwa na mwingine, kisha ikawa mvua. Mistari yote ilitaja mahali pale pale, waya ule ule.

"Teremsha kasi," Kobe aliamuru.

Akateremsha. Programu ilizunguka mwanzo hadi mwisho, safi.

"Pandisha."

Ikanyesha tena nyekundu.

"Sasa toa vile viwili ulivyoongeza, acha kasi ya juu."

Safi. Msasa alikuwa analia waziwazi, akipangusa kamasi kwa ile aproni. "Nilitaka wapate haki yao," alisema. "Afande, walilipia."

"Rudia yote tangu mwanzo," Kobe alisema. "Mahakama haiamini mara moja."

Walikuwa katika mzunguko wa tatu daktari alipokuja mlangoni, akavua miwani, akatikisa kichwa.

*

Mfamasia alisikia kufuli ikifunguliwa, akainuka kwenye mkeka.

"Nimezungumza na mwendesha mashtaka," Kobe alisema. "Kesho husomewi kitu. Uko huru. Twende ukachukue vitu vyako."

Mfamasia hakusogea. Alimtazama Kobe usoni, kisha viatu vyake, vilivyokuwa vimetapakaa vumbi. Hakuruka wala hakushukuru. Alikuwa mtu wa dawa, alijua jinsi jambo linavyothibitishwa.

"Asubuhi ulikuwa na uhakika ni mimi," alisema. "Nini kimebadilika?"

"Imekosea tena. Leo, wewe ukiwa humu ndani."

"Umri?"

"Hapana."

"Kitanda?"

"Insulini. Kumi na nne imekuwa hamsini na nne."

Mfamasia alishika nondo za mlango. "Nani?"

"Yule fundi cherehani wa kidonda cha mguu."

"Ameamka?"

"Hapana."

Mlevi mmoja selo ya pili alikuwa anaimba kwa kujifurahisha.

"Nilikuambia," mfamasia alisema, bila kupaza sauti. "Nilikusihi. Ulidhani nini?"

"Nilidhani unaigiza."

"Wodi nzima ilimfahamu. Aliwashonea manesi sare. Anaishi na mama yake na watoto." Mfamasia alichukua kanga yake, akaikung'uta, akajitanda. Alipompita Kobe mlangoni alisimama. "Wameshaambiwa?"

"Bado. Nitamtuma sajini."

"Usimtume sajini. Nenda wewe. Na uwaambie mashine ilirudi kwa saini ya nani."

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja siku ile ile. Kobe alikwenda mwenyewe, akaendesha gari mwenyewe, kwa mwendo wake wa siku zote, na bado alifika mapema kuliko alivyotaka. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, taa imewashwa, cherehani imefunikwa kitambaa pembeni ya mlango. Alipiga hodi.

Bibi aliyefungua alikuwa ameshika mfuko. Aliona sare, akaona gari nyuma yake, akatabasamu kwa faraja.

"Hospitali wamekutuma? Mungu akubariki, mwanangu, nilikuwa nawaza nitapata wapi usafiri," alisema, akamkabidhi ule mfuko. "Mpelekee nguo zake. Kesho wanamruhusu, hawezi kurudi nyumbani na zile alizoendea."